Keki imeshika kwenye tini ya mawimbi mara ya tatu sasa. Jumapili kuna kipaimara, nisaidieni

Nuru_Moro | Jumatano, saa 4:10 usiku

Wakuu, salaam. Najua humu kuna waokaji wa kweli, kwa hiyo mnicheke kidogo halafu mnisaidie.

Miezi miwili iliyopita nilinunua Kariakoo tini ya keki, ile ya duara yenye mawimbi pembeni na bomba katikati, keki inatoka kama ua. Nzito kweli, nje rangi ya fedha, ndani nyeusi. Muuzaji aliniapia kwamba hii haishiki hata usipopaka kitu. Nimeokea mara tatu. Mara ya kwanza ilitoka nusu, mgongo mzima ukabaki humo ndani nikaung'oa kwa kisu. Mara ya pili ilitoka vipande vitatu. Jana ilitoka kama ugali uliopinduliwa na mtoto.

Naoka hivi: unga vikombe vitatu, sukari viwili, mayai manne, majarini robo kilo, mtindi kikombe kimoja, iliki na beking pauda. Nayeyusha majarini kidogo, napaka kwa tishu, nanyunyiza unga. Oveni ya umeme, nyuzi 180, dakika 55. Ikiiva naiacha ipoe kabisa kama mama alivyonifundisha kwenye sufuria, ndipo nageuza.

Mchanganyiko huohuo kwenye tini ya kawaida unatoka bila ugomvi. Jumapili mtoto wa dada yangu anapata kipaimara na nimeshaahidi keki. Mwenye kosa ni mimi, tini, au yule muuzaji?

Kinyozi_Mstaafu | Jumatano, saa 4:22 usiku

Muuzaji. Ila mabaki umeyaweka wapi?

Bi_Mkubwa_Chumbageni | Jumatano, saa 4:40 usiku

Nuru mwanangu, kabla sijasema lolote nijibu matatu. Mafuta unapaka saa ngapi, kabla ya kukoroga keki au mwisho kabisa? "Ipoe kabisa" kwako ni muda gani? Na kisu ulichong'olea kilikuwa cha chuma?

Mzee_wa_Mkaa | Jumatano, saa 4:51 usiku

Kata karatasi ya kuokea utandike ndani, mambo kwisha. Mnajipa tabu bure.

Asha_Darajani | Jumatano, saa 5:03 usiku

Mzee, karatasi utaitandika vipi kwenye mawimbi? Nimewahi kujaribu. Keki ilitoka nzima, ndiyo, lakini ina makunyanzi kama shati lililotoka kwenye robota la mtumba. Na uzuri wa tini hii ni ule mchoro wake, ukiupoteza si bora uoke kwenye sufuria?

Nuru_Moro | Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Shikamoo Bi Mkubwa. Napaka mwanzoni kabisa, naweka tini pembeni ndipo naanza kukoroga. Kupoa ni saa moja na nusu, na ile mara ya pili niliilaza humo mpaka asubuhi. Kisu ndiyo, cha chuma. Nilikuwa na hasira.

Bi_Mkubwa_Chumbageni | Alhamisi, saa 3:15 asubuhi

Marahaba mwanangu. Nimeokea watu keki za maulidi na harusi miaka mingi na tini za namna hii ninazo tatu, kwa hiyo nisikilize, nitakuwa mrefu.

La kwanza ni mafuta yenyewe. Majarini na siagi zina maji ndani yake. Siagi ya maziwa, katika kila vijiko sita karibu kimoja ni maji, na juu yake kuna chembe za maziwa. Ukiiyeyusha ukapaka, maji yanajitenga na mafuta, na zile chembe za maziwa zikipata moto zinageuka gundi. Kwenye tini bapa hutaona, maana utapitisha kisu pembeni na chini umeweka karatasi. Kwenye mawimbi huna pa kupitisha kisu. Kwa hiyo paka kitu ambacho ni mafuta matupu na kimeganda: samli safi, au mafuta ya kupikia ya kopo, yale meupe. Mafuta ya maji peke yake yanateleza yote chini.

Hapo ndipo saa ya kupaka inapoingia. Ukipaka mwanzoni, tini ikakaa nusu saa kwenye joto la Morogoro, mafuta yanashuka taratibu kutoka kwenye kuta mpaka kwenye mabonde. Ukija kumimina, kule juu ya kuta na kwenye bomba pamebaki pakavu. Paka mwisho, wakati mchanganyiko uko tayari kabisa.

Tishu itupe. Tishu inapita juu ya vilima na kuruka mabonde. Tumia brashi, fuata kila wimbi kutoka chini kwenda juu, moja moja, kama mtu anayesuka nywele. Halafu bomba la katikati. Wengi wanalisahau hilo, au wanalipaka nusu ya chini tu, na keki inapanda mpaka juu. Keki yako ilipogawanyika, nina hakika sehemu ya kwanza kushika ilikuwa pale kwenye bomba.

Ukimaliza nyunyiza unga kidogo, zungusha tini, kisha ipindue juu ya sinki uigonge mpaka unga wa ziada udondoke. Sehemu yoyote inayong'aa bila vumbi la unga haina mafuta. Irudie. Ndiyo kazi ya unga hiyo, inakuonyesha ulipokosea.

La kupoa nitarudi baada ya adhuhuri, nina chapati jikoni.

Omogaka_MN | Alhamisi, saa 10:05 alasiri

Habari zenu wa nyumbani. Mimi ni Mkenya niko huku Minnesota, na mjue mmegusa kitu cha mtaani kwetu. Hizo tini zinaitwa Bundt, na kiwanda cha Nordic Ware kilichozitoa kiko St. Louis Park, hapa pembeni mwa Minneapolis. Mwaka 1950 akina mama wa chama cha Kiyahudi cha Hadassah walimwendea mwenye kiwanda, H. David Dalquist, wakamwomba awatengenezee kwa alumini chombo kama kile cha udongo ambacho bibi zao walikiokea Ulaya. Keki ile ya Kijerumani na Kiaustria, Gugelhupf, ni ya hamira na ni nzito, ndiyo maana chombo kina bomba katikati, moto ufike kwenye moyo wa keki kabla pembeni hapajaungua. Kwa miaka mingi tini hazikununuliwa sana. Mwaka 1966 mama mmoja wa Texas, Ella Helfrich, akashika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kuoka ya Pillsbury kwa keki ya chokoleti aliyookea humo, na watu wakaanza kuzisaka. Leo kwenye maduka ya mitumba ya huku zimejaa, nyanya za watu wakifariki watoto wanaleta.

Nimenunua nne hivyo, kwa hivyo nawaambia ninachoangalia. Kwanza uzito. Ya kumiminwa, yaani alumini iliyoyeyushwa ikamwagwa kwenye umbo, ni nene na moto unasambaa sawasawa. Ya bati jembamba lililogandamizwa kwa mashine inaunguza kwenye ncha za mawimbi, na sukari ikiungua inashika vibaya. Pili, pitisha kidole ndani ya bonde. Kama bonde ni la mviringo na limelala, keki itatoka. Zile za mtindo wa kanisa, na majani, na kona kali kama kisu, ni nzuri kwa picha lakini zinataka mkono uliozoea. Anayeanza achukue mawimbi mapana machache. Tatu, angalia bomba linapoungana na sakafu ya tini. Kukiwa na mshono ulioinuka, keki itanasa hapo kila siku.

Na ya Nuru ni nyeusi ndani. Rangi nyeusi inavuta moto haraka kuliko ya fedha. Shusha oveni nyuzi 15 hivi, uoke 165.

Nuru_Moro | Alhamisi, saa 11:20 jioni

Kumbe! Asante Omogaka. Na ukubwa je? Nilikuwa namimina mpaka karibu na ukingo, jana ilifurika.

Omogaka_MN | Alhamisi, saa 11:48 jioni

Pima kwa maji, usiamini maandishi ya boksi. Jaza maji kwa kikombe chako hadi ukingoni ukihesabu. Zinazopatikana sana zinaingia vikombe 10 au 12. Mchanganyiko usizidi robo tatu ya hesabu hiyo. Keki iliyofurika inajikunja juu ya ukingo na kuushika kama mtoto anayekataa kuoga. Hata upake mafuta ya dunia nzima, haitoki.

Mwana_wa_Ruwi | Alhamisi, saa 1:30 usiku

Sisi huku Muscat tunatumia mafuta ya kopo la kupuliza, sekunde tatu umemaliza. Sioni haja ya brashi.

Asha_Darajani | Alhamisi, saa 1:44 usiku

Na tini yako ndani ikoje sasa hivi? Sema ukweli wa Mungu.

Mwana_wa_Ruwi | Alhamisi, saa 2:02 usiku

…Imeanza kunata. Kuna utando wa rangi ya kahawia kwenye mabonde, sabuni hauutoi. Nilidhani ni kawaida.

Asha_Darajani | Alhamisi, saa 2:10 usiku

Si kawaida. Mengi ya yale mafuta ya kupuliza yana lesithini, kiungo cha kuzuia kushika, na ikipata moto mara nyingi juu ya tini ya kutoshika inajenga utando. Utando ule ndio unaoshika keki, na wewe unazidi kupuliza ukidhani hujapuliza ya kutosha. Loweka kwa maji ya moto na sabuni, halafu paka uji mzito wa bikabonati kwa dakika chache tu, usugue kwa mswaki laini, suuza. Kama tini ni alumini tupu isiyo na rangi ndani, bikabonati usiiache ikae, alumini inapiga weusi.

Hapohapo niseme la majivu, maana najua kuna atakayesema. Majivu yana magadi na yana mchanga. Alumini inaliwa na magadi, na mchanga unaikwaruza. Sufuria la maharage halina neno. Tini ya mawimbi usiiguse kwa majivu wala kwa waya.

Mzee_wa_Mkaa | Alhamisi, saa 2:35 usiku

Basi nami mniambie wa mkaa, oveni ya umeme sina. Naweka sufuria kubwa, mchanga chini, tini juu yake, mfuniko na makaa juu. Tini ya kawaida sina tatizo. Hii ya bomba sehemu ya chini inakuwa nyeusi tii na ndiyo inayobaki ndani.

Bi_Mkubwa_Chumbageni | Alhamisi, saa 3:00 usiku

Mzee, kumbuka kwenye tini hii chini ndiyo juu. Kile kinacholala kwenye mchanga ndicho kitakachokuwa uso wa keki. Punguza makaa ya chini yabaki machache, mengi yaweke juu ya mfuniko. Na mchanga uupate moto kwanza, usiweke tini kwenye mchanga baridi ukalazimika kuchochea. Ukipata vijiwe vitatu vya kuiinua tini isikae moja kwa moja juu ya mchanga, bora zaidi.

Sasa la kupoa, Nuru. Hapa ndipo ulipoikosa keki yako, na mama yako alikuwa sahihi kwa sufuria lake. Keki ikitoka motoni ni laini, ukiigeuza papo hapo inavunjika kwa uzito wake. Iache dakika kumi. Ikisimama inajikaza na kujivuta kidogo kutoka kwenye kuta, utaona ufa mwembamba pembeni. Hapo ndipo pa kugeuza. Ukiizidisha, mvuke unageuka maji kati ya keki na tini, ngozi ya keki inalowa, halafu mafuta uliyopaka yanaganda na sukari ya ngozi inaganda pamoja nayo. Saa moja na nusu, mwanangu! Na kulala nayo! Hapo umeibandika mwenyewe.

Weka saa. Dakika kumi, kwa tini nzito kama yako labda kumi na mbili. Itikise kushoto kulia, usikie keki inacheza ndani. Ikicheza, weka wavu juu, geuza, subiri bila kuivuta. Inashuka yenyewe.

Fatma_Kisauni | Alhamisi, saa 3:20 usiku

Mimi sitaki unga mweupe unaobaki kwenye keki ya chokoleti, unaonekana kama ukurutu. Nanyunyiza kakao badala yake. Na kuna wanaonyunyiza sukari, ngozi inakuwa kama biskuti, tamu sana, ila hiyo usiichelewe hata dakika, ikipoa imekuwa peremende.

Bi_Mkubwa_Chumbageni | Alhamisi, saa 3:31 usiku

Kweli kabisa. Tena nikupeni kitu ninachotumia mimi siku za haraka: unga wa ngano, mafuta ya maji na mafuta meupe ya kopo, vipimo sawa vya vyote vitatu, vijiko viwili viwili vinatosha tini moja na kubaki. Koroga mpaka iwe kama losheni. Unapaka kwa brashi mara moja, unga na mafuta vimekwenda pamoja, hakuna kunyunyiza. Ukitengeneza nyingi ziweke kwenye chupa ya jemu ndani ya friji.

Kinyozi_Mstaafu | Alhamisi, saa 3:40 usiku

Swali la mjinga. Mkate wa mayai wa Kizanzibari unaweza kuokwa humo?

Asha_Darajani | Alhamisi, saa 3:52 usiku

Kwa mara ya kwanza umeuliza la maana. Ule hauna mafuta, ni mayai, sukari na unga tu, kwa hiyo unapanda ukiwa umeshikilia kuta. Kwenye mawimbi utalia. Tini hii inapenda keki yenye siagi au mafuta na mtindi, keki nzito kidogo, kama ya Nuru. Ukitia zabibu kavu au ndizi, mimina kwanza tabaka la mchanganyiko mtupu chini, tunda lisiguse tini. Tunda likigusa moto linatoa sukari, na tumeshasema sukari ni nini.

Pendo_Ilala | Ijumaa, saa 2:15 asubuhi

Za silikoni vipi? Nimeona za bei poa.

Omogaka_MN | Ijumaa, saa 4:00 asubuhi

Ninayo moja, naitumia kwa barafu ya juisi. Inakunjika, kwa hivyo unaimenya keki kama ganda la ndizi, lakini haichomi ngozi vizuri, keki inatoka imepauka na mchoro umefifia. Na bado inataka mafuta. Ukiitumia iweke juu ya trei kabla ya kumimina, la sivyo utaibeba ikiyumba mpaka imwagikie mlangoni mwa oveni. Siwaelezi nimejuaje.

Nuru_Moro | Ijumaa, saa 3:50 usiku

Ripoti ya jaribio. Nimepima kwa maji, tini yangu inaingia vikombe tisa tu! Kumbe nilikuwa najaza mchanganyiko wa tini ya vikombe kumi na mbili. Nimemimina mpaka robo tatu, uliobaki umetoka vikeki viwili vidogo. Nimetumia losheni ya Bi Mkubwa, nimepaka mwisho, oveni 165, dakika 60, nimechoma katikati kwa kijiti cha mshikaki kikatoka kikavu. Dakika kumi na mbili kwa saa ya simu.

Nimegeuza. Kimya. Haikushuka. Nimekaa nimeishika kama mtu aliyebeba bomu. Nifanyeje, iko juu ya wavu hapa SASA HIVI.

Asha_Darajani | Ijumaa, saa 3:52 usiku

Usiivute! Taulo, lichovye kwenye maji ya moto sana, likamue, lifunike juu ya tini ikiwa hivyohivyo imepinduliwa. Dakika tatu nne. Halafu gonga mgongo wa tini kwa kijiko cha mbao, kuzunguka.

Bi_Mkubwa_Chumbageni | Ijumaa, saa 3:55 usiku

Na isipocheza, igeuze tena, pitisha kijiti cha mshikaki kwenye bomba tu, kuzunguka bomba, kwenye mawimbi usiguse. Kisu weka mbali.

Kinyozi_Mstaafu | Ijumaa, saa 4:05 usiku

Mbona kimya? Tuko roho juu hapa.

Nuru_Moro | Ijumaa, saa 4:09 usiku

IMETOKA. Taulo dakika nne, nikagonga, nikasikia "tup". Mawimbi yote yapo, yanang'aa, isipokuwa moja. Kwenye wimbi moja ngozi imechunika urefu wa kidole, kipande kimebaki kwenye tini. Nitafunika kwa sukari ya unga.

Fatma_Kisauni | Ijumaa, saa 4:14 usiku

Subiri ipoe kabisa, sasa ndiyo ruhusa ya kupoa. Ukinyunyiza ikiwa na moto sukari inayeyuka na kuacha madoa. Na kwa Jumapili nyunyiza hukohuko ukumbini dakika za mwisho.

Bi_Mkubwa_Chumbageni | Ijumaa, saa 4:20 usiku

Hongera mwanangu. Lakini hilo wimbi moja linanisumbua. Umepaka yote sawa, moto ni mmoja, muda ni mmoja. Kwa nini lishike moja? Osha tini kwa sifongo, ikauke, kesho itazame juani mahali pale palipochunika. Pitisha na ukucha.

Nuru_Moro | Jumamosi, saa 3:05 asubuhi

Nimeitazama. Kuna mkwaruzo, mrefu kama kidole, rangi nyeusi imetoka na alumini inaonekana. Ni kile kisu cha siku ya kwanza.

Bi_Mkubwa_Chumbageni | Jumamosi, saa 3:30 asubuhi

Nilijua. Rangi yenyewe inabanduka vipande, au ni mstari tu?

Nuru_Moro | Jumamosi, saa 3:34 asubuhi

Mstari tu. Kando yake imeshika vizuri.

Bi_Mkubwa_Chumbageni | Jumamosi, saa 3:41 asubuhi

Basi ya kesho itaokeka. Hapo kwenye mstari paka losheni, iache tini kwenye friji dakika tano igande, paka tena mara ya pili hapohapo, ndipo umimine. Na weka alama kwa nje kwa kalamu, ujue ni wimbi la ngapi. Siku rangi ikianza kubanduka, itupe.

Nuru_Moro | Jumapili, saa 12:40 jioni

Ni wimbi la saba ukihesabu kutoka kwenye chapa. Leo limetoka na ngozi yake. Paroko amekula vipande viwili.

Kinyozi_Mstaafu | Jumapili, saa 12:46 jioni

Na vile vikeki viwili vya Ijumaa?